Daraja la Chuma la Ironbridge: Kujenga ni Kazi, Kutunza ni Kazi Zaidi

Huko Uingereza, sehemu za mashambani za jimbo la Shropshire, kuna mji mdogo ambao jina lake ni daraja. Unaitwa Ironbridge, maana yake Daraja la Chuma. Mji haukuwako kabla ya daraja. Daraja lilijengwa kwanza, halafu watu wakaja kufungua maduka karibu nalo, soko la Madeley likahamishiwa hapo, nyumba zikapanda mlimani, na mwisho mji ukachukua jina la daraja.

Daraja hili linavuka Mto Severn, mto mrefu kuliko yote ya Uingereza. Lilimalizika kuunganishwa mwaka wa 1779 na likafunguliwa tarehe 1 Januari 1781. Ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu. Leo lina zaidi ya miaka 240 na bado limesimama. Magari yamekatazwa kupita hapo tangu mwaka wa 1934, kwa hiyo sasa ni daraja la watu wa miguu tu.

Mwanakikundi anaweza kuuliza, "Sisi na daraja la Waingereza, wapi na wapi?" Swali zuri. Tunalieleza daraja hili kwa sababu lilianzishwa na watu wa mahali hapo wenyewe, waliokutana, wakachanga, wakachagua mweka hazina, wakabishana, wakakosa pesa katikati ya kazi, wakamaliza hata hivyo. Baada ya kumaliza likaja jambo ambalo hakuna aliyelipangia: kulitunza. Mambo hayo yote yanajulikana vizuri katika vikundi vyetu.

Shida ilikuwa nini?

Mahali hapo Mto Severn unapita katika bonde jembamba lenye kingo za mwinuko mkali. Ardhi yake ilikuwa na mali nyingi: makaa ya mawe, mawe ya chuma, mawe ya chokaa na udongo wa kufinyangia. Kwa hiyo pande zote mbili za mto zilijaa machimbo, matanuru na viwanda. Watu walikuwa wengi na mizigo ilikuwa mingi.

Lakini kuvuka ilikuwa taabu. Daraja la karibu lilikuwa Buildwas, kiasi cha kilomita 3 hivi. Wengine walivuka kwa mashua, na mto ukijaa, mashua ilikuwa hatari. Ukiwa na gari la farasi lililojaa mzigo, ulilazimika kuzunguka.

Mbona basi hawakujenga daraja la mawe kama wengine? Kulikuwa na sababu mbili. Kwanza, mto huo ndio uliokuwa barabara kuu ya biashara. Vyombo vyenye milingoti na matanga vilipita juu na chini kila siku, na nguzo katikati ya maji zingeviziba njia. Pili, kingo za bonde hilo si imara. Udongo wake huteleza polepole kuelekea mtoni. Lilitakiwa daraja la tao moja tu, refu, lisilo na nguzo mtoni, na lisilokuwa zito kupita kiasi.

Mwaka wa 1773 mchora ramani za majengo kutoka Shrewsbury, Thomas Farnolls Pritchard, alimwandikia John Wilkinson, tajiri wa viwanda vya chuma, akapendekeza daraja hilo lijengwe kwa chuma. Watu wengi waliona ni ndoto. Chuma kilikuwa kitu cha kutengenezea sufuria, misumari na mizinga. Nani alikuwa ameona daraja kubwa la chuma?

Chuma cha kusubu ni kitu gani?

Tusimame hapa kidogo, maana bila kuelewa jambo hili hatuwezi kulielewa daraja lenyewe.

Kusubu ni kuyeyusha chuma mpaka kiwe kama uji, kisha kukimimina katika kalibu ya mchanga yenye umbo unalotaka. Kikipoa unakitoa, na umbo limeshapatikana. Chuma hicho kina kaboni nyingi ndani yake, kama asilimia 2 hadi 4. Kaboni hiyo hukifanya kiyeyuke kwa urahisi zaidi, lakini pia hukifanya kiwe kigumu na chepesi kuvunjika.

Wengi wetu tuna chuma cha kusubu nyumbani. Angalia miguu ya cherehani ya kizamani, ile ya kukanyaga. Unaweza kuweka mzigo mzito sana juu yake isishtuke. Lakini ikianguka kutoka kwa lori, haipindi, inavunjika kipande. Sasa linganisha na panga. Panga ukilipinda linarudi. Chuma cha kusubu hakina habari ya kupinda.

Kwa hiyo mafundi husema hivi: chuma cha kusubu kina nguvu sana kikibanwa, lakini ni dhaifu kikivutwa. Shika sheria hiyo moja kichwani. Tutairudia.

Huko Ironbridge chuma kilikuwa kazi ya ukoo mmoja, ukoo wa Darby, katika kijiji cha Coalbrookdale kilicho karibu na mto. Babu, Abraham Darby wa kwanza, alikuwa mtengenezaji wa vyungu vya chuma vya kupikia. Mwaka wa 1709 alifaulu kuyeyusha mawe ya chuma kwa kutumia koki badala ya makaa ya miti. Koki ni makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza bila hewa ya kutosha, karibu kama sisi tunavyochoma makaa ya miti katika tanuru lililofunikwa udongo. Uchafu unaoharibu chuma hutoka kwa moshi, na kinachobaki huwaka kwa joto kali.

Jambo hilo lilibadilisha mengi. Makaa ya miti yalikula misitu na bei yake ilikuwa juu. Makaa ya mawe yalikuwa hapo hapo chini ya miguu yao. Baada ya muda chuma kikawa rahisi kupatikana kwa wingi, na mafundi wa Coalbrookdale wakazoea kumimina vipande vikubwa zaidi na zaidi. Bila ujuzi huo wa vyungu, daraja lisingewezekana.

Familia ya Darby walikuwa waumini wa Marafiki, watu wanaoitwa pia Wakweka. Wasomaji wetu wa Magharibi mwa Kenya wanawafahamu, kwani wamisionari wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na leo Kenya ni moja ya nchi zenye Marafiki wengi zaidi duniani.

Kamati, hisa na ubishi

Mwaka wa 1775 watu waliotaka daraja walianza kukutana. Mradi ulikadiriwa kugharimu pauni 3,200. Waligawanya hisa, na watu wakanunua: wenye viwanda, wafanyabiashara na wengine wenye uwezo. Mjukuu wa yule mzee wa vyungu, Abraham Darby wa tatu, akachaguliwa kuwa mweka hazina. Alikuwa kijana wa miaka 25. Mwaka wa 1776 Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu daraja lijengwe na watu watozwe ushuru wa kuvuka.

Mpaka hapo mambo yalikuwa laini. Halafu woga ukaingia. Mwezi wa Mei 1776 wadhamini walimnyang'anya Darby kazi. Wakatangaza kwamba wanatafuta mchoro wa daraja la mawe, matofali au mbao. Ni kama kusema, "Hii habari ya chuma tumeifikiria usiku, tumeogopa."

Lakini hakuna mchoro wa kuridhisha uliotokea. Mawe yalikuwa mazito mno na mbao zingeoza. Basi wakarudi kwa Darby na Pritchard, safari hii wakiweka masharti juu ya gharama na muda. Hata upana wa tao ulibishaniwa. Mwaka wa 1777 waliupunguza hadi futi 90, kisha wakauongeza tena hadi futi 100 na inchi 6, yaani mita 30.6. Hicho ndicho kipimo kilichojengwa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1777, Pritchard akafariki. Yule aliyekuwa ameliona daraja akilini hakuwahi kuliona kwa macho. Mzigo wote ukabaki mabegani mwa Darby.

Jinsi walivyoliinua

Daraja lina vipande karibu 1,700. Vilivyo vikubwa ni mbavu za tao, nusu tao kila moja, zenye uzito wa tani 5 na zaidi. Uzito wote wa chuma ni karibu tani 380.

Kila kipande kilimiminwa chake peke yake ili kikae mahali pake peke yake. Leo ukipima vipande viwili vinavyoonekana kama mapacha, unakuta vimetofautiana kwa sentimita kadhaa. Hiyo haikuwa kazi ya mashine inayotoa vitu sawasawa. Ilikuwa kazi ya mikono, ya kupima, kujaribu na kurekebisha.

Na je, viliungwaje? Siku hizo hapakuwa na kuchomelea kwa umeme. Hapakuwa na fundi yeyote aliyewahi kuunga daraja kubwa la chuma cha kusubu. Basi walifanya alivyojua fundi seremala. Kipande kimoja kina ulimi, kingine kina tundu. Ulimi unaingia katika tundu, kisha kabari inagongwa ili kukaza. Yaani waliunga tani mia kadhaa za chuma kama unavyounga kitanda au mlango. Waliposhika kitu kipya kabisa, walitumia ujuzi waliokuwa nao tayari.

Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza mbavu zile ziliinuliwa vipi juu ya mto wenye kina. Mwaka wa 1997 kulionekana huko Stockholm, Sweden, picha ndogo ya rangi iliyochorwa na Elias Martin, Mswidi aliyepita hapo wakati wa ujenzi. Picha inaonyesha jukwaa la mbao mtoni, na mbavu zikiinuliwa kwa kamba. Mwaka wa 2001 watu walijenga mfano wa nusu ya ukubwa wa daraja kwa njia hiyo, na njia ikakubali.

Mbavu za kwanza ziliinuliwa mapema mwezi wa Julai 1779. Kabla ya mwaka kwisha tao lilikuwa limekamilika. Barabara za kuingilia zilichukua muda zaidi, na Siku ya Mwaka Mpya 1781 daraja likafunguliwa.

Majina ya Darby, Pritchard na Wilkinson yameandikwa kila mahali. Lakini wachimba makaa, wachoma koki, wamiminaji na wavuta kamba ndio waliobeba zile tani 380. Mchoraji mmoja mgeni alisimama ukingoni akawachora, na kwa karatasi hiyo tunajua walivyofanya. Kikundi kinachoandika kumbukumbu zake vizuri huwasaidia watu ambao hata hawajazaliwa.

Kwa nini halikuanguka?

Kumbuka sheria yetu: chuma cha kusubu kina nguvu kikibanwa, ni dhaifu kikivutwa.

Jaribuni jambo hili katika mkutano wenu. Watu wawili wasimame wakitazamana, hatua mbili kati yao, kisha waegemeane viganja kwa viganja. Mtoto akining'inia mikononi mwao, hawaanguki. Uzito wa mtoto unageuka kuwa msukumo. Unapita mikononi, mabegani, mpaka miguuni. Hakuna kinachovutwa, kila kitu kinabanwa. Hilo ndilo tao.

Sasa badala ya tao tuseme tumelaza chuma kilichonyooka juu ya mto. Mzigo ukipita katikati, chuma kinataka kupinda. Sehemu ya juu inabanwa, sehemu ya chini inavutwa. Hapo chuma cha kusubu kinaweza kukatika ghafula bila kutoa onyo. Ndivyo ilivyotokea mwaka wa 1847 huko Chester, mahali si mbali sana na Shropshire. Daraja la reli la Mto Dee lilikuwa limejengwa na mhandisi maarufu Robert Stephenson kwa mihimili mirefu ya chuma cha kusubu. Mhimili ukavunjika gari moshi likipita, na watu 5 wakafa. Chuma cha aina moja, lakini kilipewa kazi isiyo yake.

Rudini kwa wale watu wawili walioegemeana. Nini kitawaangusha? Si uzito, ni miguu kuteleza. Tao lina nguvu kadiri ya ardhi inayolishikilia. Na ardhi ya Ironbridge, tulisema, inateleza.

Ushuru: nani alilipa, nani alifaidika?

Hesabu ya mwisho ya daraja inakadiriwa kuwa pauni 6,000, karibu mara mbili ya ile iliyopangwa. Darby alikuwa amekubali kubeba gharama zinazozidi, na tayari alikuwa na madeni mengine. Alibaki katika madeni maisha yake yote, na akafariki mwaka wa 1789 kabla ya kufikisha miaka 40.

Miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1790, daraja lilikuwa linaleta faida nzuri. Wenye hisa walikuwa wanapata gawio la asilimia 8 kwa mwaka. Mtu aliyeteseka kulijenga alikuwa kaburini, na waliokuwa wameogopa walikuwa wanakula matunda. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini kikundi chochote kinachomwachia mtu mmoja, hata awe na moyo wa kujitolea namna gani, kubeba hasara peke yake, kinapaswa kufikiria habari hii.

Ushuru ulipangwa kwa kila anayevuka: gari la farasi, farasi, ng'ombe, kondoo, na mtu wa miguu ambaye alilipa nusu peni. Kibao cha bei bado kipo kwenye nyumba ya ushuru. Kinatangaza kwamba hata askari aliye kazini, gari la posta na jamaa ya mfalme ni lazima walipe. Hapakuwa na "mimi ni mkubwa, niache nipite". Kwa upande huo ilikuwa haki. Lakini nusu peni ya tajiri na nusu peni ya mchimba makaa si kitu kimoja, hasa kwa yule anayevuka asubuhi na jioni kwenda kazini.

Mwaka wa 1909 daraja lingine lilifunguliwa chini kidogo ya mto, na watu wakaliita Free Bridge, yaani Daraja la Bure. Jina hilo peke yake linaeleza jinsi wenyeji walivyouchoka ushuru. Hata hivyo, kwenye Daraja la Chuma watu wa miguu waliendelea kulipa mpaka mwaka wa 1950, daraja lilipokabidhiwa serikali ya jimbo. Ni karibu miaka 170 ya kulipia njia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta

Methali hii tunaipenda, na kwa daraja hili si mfano tu, ni jambo lililotokea hivyo hivyo.

Nyufa zilianza kuonekana mapema, miaka michache tu baada ya kufunguliwa, katika ukuta wa mawe upande wa kusini. Kingo za mto zilikuwa zinasogeleana. Wale watu wawili wa mfano wetu hawakuwa wanateleza kwenda nje, walikuwa wanasukumwa ndani, wakabanana, na katikati ya tao ikainuka.

Wajenzi hawakuingoja siku ya maafa. Kwanza walirekebisha palipopasuka. Mwaka wa 1802 walibomoa sehemu nzito ya mawe upande wa kusini na kuweka matao ya mbao, ili uzito upungue. Baadaye, katika miaka ya 1820, mbao zikabadilishwa kwa chuma.

Katikati ya shida hizo daraja lilipata mtihani mkubwa. Mwezi wa Februari 1795 Mto Severn ulifurika kupita kiasi. Madaraja ya mawe juu na chini ya mto yaliharibiwa, pamoja na lile la Buildwas. Daraja la Chuma halikuguswa. Tao lake moja pana na mbavu zake zilizo wazi ziliacha maji yapite. Siku hiyo wenye mashaka wote walinyamaza.

Mhandisi Thomas Telford alipojenga upya daraja la Buildwas mwaka wa 1796, alitumia chuma. Lake lilikuwa refu zaidi, futi 130, lakini lilitumia tani 173 tu, chini ya nusu ya chuma cha Darby. Mbona tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu Darby hakuwa na wa kumwuliza, akaongeza chuma kila mahali kwa usalama. Telford alisoma kwa macho yake kilichosimama na kuona palipozidishwa. Wa kwanza hulipa karo, wa pili hupata elimu. Lakini daraja la Telford halipo tena. Liliondolewa mwanzoni mwa karne ya 20. La Darby lingalipo, na chuma chake cha ziada huenda kimelisaidia.

Mwanzoni mwa karne hiyo Daraja la Chuma nalo lilianza kuchoka. Mwaka wa 1902 kipande kirefu cha ukingo wa pembeni kilianguka mtoni. Magari ya petroli yalikuwa yameanza kuja, mazito kuliko yaliyotarajiwa mwaka wa 1779. Ndiyo sababu mwaka wa 1934 likafungiwa magari na kutangazwa kuwa mali ya kumbukumbu ya taifa.

Dawa ya msingi ilipatikana kati ya mwaka wa 1972 na 1975. Wahandisi walijenga chini ya mto mhimili mkubwa wa saruji na vyuma, kutoka ukuta wa upande mmoja hadi wa pili, uzizuie kingo zisisogeleane tena. Mafuriko yaliwakatiza kazi. Mhimili huo hauonekani. Watalii hupiga picha ya tao zuri, na hakuna anayepiga picha ya saruji iliyo chini ya maji, lakini bila hiyo pengine tao lisingekuwapo.

Mwaka wa 1986 bonde lote la Ironbridge liliwekwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na kati ya mwaka wa 2017 na 2018 daraja likafungwa kwa kitambaa na majukwaa, likasafishwa kutu, nyufa zikatengenezwa, na likapakwa rangi nyekundu ya kahawia, ambayo wataalamu waligundua ndiyo rangi yake ya kwanza. Walikuta nyufa zilizotokana na ujenzi wenyewe, na mwendo wa ardhi, na hata tetemeko la ardhi la karne ya 19.

Kazi hiyo iligharimu pauni milioni 3.6. English Heritage, shirika linalolitunza daraja, lilipata Euro milioni 1 kutoka kwa wakfu mmoja wa Ujerumani. Pia liliomba wananchi wachange, na watu wa kawaida wakatoa, mmoja kidogo, mwingine zaidi. Sisi tunaijua kazi hiyo kwa jina la harambee. Walioanza kwa kuchanga mwaka wa 1775 walifuatwa na wengine waliochanga zaidi ya miaka 240 baadaye, kwa daraja lile lile.

Tunachukua nini?

Tuweke mambo matatu mfukoni.

La kwanza, kitu hudumu kikipewa kazi inayokifaa. Chuma cha kusubu kilikaa salama katika tao na kikaua watu katika mhimili. Kabla ya kununua au kujenga, tuulize kifaa hiki kinaweza nini na hakiwezi nini.

La pili, bajeti ya siku ya kufungua si bajeti yote. Daraja lilijengwa kwa miaka michache na limetunzwa kwa zaidi ya miaka 240. Kila kizazi kilirudi na kabari, saruji au rangi yake. Kamati ikikata utepe na haina akiba ya matengenezo, kazi imefika nusu.

La tatu, mkataba uandikwe wazi tangu mwanzo: hasara ikitokea ni ya nani, na faida ikija ni ya nani. Darby alibeba ya kwanza, wengine wakapokea ya pili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mradi wetu mkubwa ni upi, na nani anaukagua ili kuona nyufa zingali ndogo? Anaukagua mara ngapi kwa mwaka?

2. Gharama zikizidi zile tulizopanga, nani atalipa? Je, limeandikwa katika kumbukumbu, au limebaki mdomoni?

3. Ada tunayotoza kwa maji, mashine ya kusaga au huduma nyingine inamwumiza nani zaidi? Tunaweza kuipanga namna gani ili maskini asizuiwe na mradi usife?

4. Kuna ujuzi gani wa zamani katika kijiji chetu, kama vile wa seremala, mhunzi au mfinyanzi, ambao tunaweza kuutumia kwa kazi mpya?

5. Mgeni akija miaka 50 kuanzia leo, atajuaje tulifanyaje kazi hii na ni akina nani walioifanya?

Katibu aandike majibu. Mweka hazina naye ajibu la pili kwa sauti, wote wakisikia.